Kutazamana: istilahi inayodai wawili

Katika elimu ya makuzi ya mtoto, kutazamana ni hali ya watu wawili kuelekezeana macho kwa wakati mmoja, kila mmoja akimwona mwenzake anamwangalia. Ukimwangalia mtoto aliyegeukia dirishani, huko ni kutazama tu. Kiambishi -an- ndicho kilichobeba uzito wa istilahi, kama katika kupendana na kusaidiana. Ndiyo maana naipendelea kuliko "mgusano wa macho", inayotaja macho na kuwasahau wenye macho.

Mtoto mchanga naye anahesabiwa katika hao wawili. Mwaka 2002 mtafiti Teresa Farroni na wenzake walieleza jinsi walivyowaonyesha watoto wa siku 2 hadi 5 picha za nyuso: moja macho yakiwaelekea, nyingine yakitazama pembeni. Watoto waliikodolea macho zaidi ile iliyowaelekea. Kwa watoto wa miezi 4 walipima umeme wa ubongo kwa vihisio vilivyowekwa kichwani, na mwitikio ukawa mkubwa zaidi pale macho ya pichani yalipomlenga mtoto.

Kaa kwenye benchi la kliniki Mbagala, Dar es Salaam, akina mama wakisubiri mizani. Mtoto ananyonya, mara anaachia titi na kumkazia mama macho. Mama anainua nyusi: "Eeh, baba, unasemaje?" Mtoto anatulia, anatoa kijisauti, kisha anarudi kunyonya. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, na hapo ndipo uso wa mama ulipo anaponyonyesha.

Hata hivyo, kutazamana si kipimo cha upendo. Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti kwa Wagusii wa Kenya miaka ya 1970, waliwakuta akina mama wakigeuza macho mtoto anapochangamka sana, lakini wakiwahi kumbeba na kumtuliza anapolia.

Nchini Tanzania, programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahimiza malezi yenye mwitikio, yaani mlezi kuziona ishara za mtoto na kuzijibu. Muuguzi wa Temeke au Kinondoni anayetaka kuyaeleza ana neno tayari: "Mama, tazamaneni, mwongeleshe." Na amwambie pia kwamba mtoto akifikisha miezi 3 bila kukutanisha macho na mtu wala kufuata uso unaosogea, asisubiri, amlete achunguzwe.