Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Kunguni wa Jana na wa Leo Michenzani

Leo tunazungumza jambo ambalo wengi wetu tunalificha kuliko deni: kunguni. Sisi tunaoshona hapa Michenzani tumewaona kwa macho yetu, na mwaka jana tulimdhulumu mtu kwa sababu yao. Tutafika huko. Kwanza turudi nyuma kidogo, maana mdudu huyu si mgeni Unguja.

Bibi zetu walimjua vizuri. Hata lugha yetu inamjua: mtu anayechukiwa bila sababu tunasema ana damu ya kunguni. Katika nyumba za udongo za Ng'ambo walilalia vitanda vya kamba na magodoro ya sufi, na kunguni alijificha kwenye mafundo ya kamba na mianya ya mbao. Siku ya jua kali kitanda kilitolewa uani, kikamwagiwa maji yanayochemka na kugongwa chini, na godoro likaanikwa mpaka jioni. Kazi hiyo ilirudiwa tena na tena. Na kabla ya kulala kuna ile sunna ya kukung'uta kitanda, kwani Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa mtu hajui kimeingia nini baada ya yeye kuondoka.

Kisha ikaja dawa. Mwaka 1939 mkemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kuwa DDT inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampeni ya kutokomeza malaria, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani, iliingia Zanzibar, na kuta za nyumba zikapigwa DDT. Aliyekusudiwa alikuwa mbu, lakini dawa ile duniani kote iliwapunguza kunguni pia mwanzoni. Watu wakaipenda kwa sababu hiyo. Ila tayari mwaka 1947, huko Pearl Harbor, Hawaii, walionekana kunguni ambao DDT haiwaui. Wale wachache waliosalimika ndio waliozaa, na watoto wao wakarithi ugumu wao.

Hapa kwetu kampeni ile ilisimama mwaka 1968, na malaria ikarudi. Hilo ni somo la kwanza: adui aliyeachwa nusu njia hurudi.

Miaka hiyohiyo Ng'ambo ilikuwa inabadilika sura. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Karume ilitaka watu wahame kwenye vibanda waingie kwenye nyumba za kisasa. Wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walisaidia kuchora mpango, na miaka ya 1970 majumba ya Michenzani yakapanda, marefu kama treni. Zilikuwa nyumba za heshima. Lakini nyumba ya ghorofa ina tabia yake: ukuta wako ni ukuta wa jirani. Mabomba na nyaya hupita toka fleti moja hadi nyingine, na kunguni, bapa kama mbegu ya tikiti, hupita humohumo. Ua wa kuanikia kitanda haupo tena. Nani atashusha godoro ngazi zote zile kila wiki?

Somo la pili liko jirani, Muheza mkoani Tanga. Vijiji vilivyopewa vyandarua vyenye dawa viliona kunguni wakitoweka, na watu wakafurahi. Baada ya miaka kadhaa wakarudi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa wameizoea dawa ya vyandarua, ya jamii ya pairethroidi. Jamii hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye makopo mengi ya dawa tunayonunua dukani. Ndiyo maana unapuliza, unakohoa wewe, kunguni anatembea. Si sisi peke yetu: mwaka 2023 mji wa Paris wenyewe ulishikwa na taharuki ya kunguni. Basi tuache kusema ni ugonjwa wa maskini au wachafu. Kunguni anafuata damu na joto la mtu, na husafiri na mizigo.

Sasa ile dhuluma. Watoto walipoanza kuamka na vipele vilivyojipanga mstari, tulimtazama msichana wetu wa kazi, aliyekuja kutoka shamba na mkoba wake mmoja. Tukasema yeye ndiye kaleta. Tukamlipa, tukamrudisha kwao. Wiki mbili baadaye kuumwa kulizidi. Tulipofumua mshono wa kochi la mtumba tuliloleta wenyewe ili tulivishe kitambaa kipya tuliuze, tukakuta mayai meupe, maganda, na madoa meusi kama wino. Kikulacho ki nguoni mwako. Tulikwenda mpaka kwao kumtaka radhi. Alitusamehe, Mungu ambariki, lakini kazini hakurudi, na hatumlaumu.

Tulijaribu mafuta ya taa, tukaacha kwa kuogopa moto. Jirani alileta dawa ya shambani, tukakataa, na nawe kataa: imeundwa kwa mimea, si kwa chumba anacholala mtoto. Mwishowe tuliwaita wapigaji dawa wenye kibali. Wao ndio walioturudisha kwenye hekima ya bibi: joto. Kwenye nyuzi joto 50 na zaidi kunguni na mayai yake hufa, hivyo nguo na shuka zilifuliwa kwa maji ya moto na kupigwa pasi mishononi. Wakavuta makabati, wakaziba nyufa, wakapiga dawa sisi tukiwa nje. Wakarudi baada ya wiki mbili, kwa sababu dawa nyingi haziui mayai, na mayai huanguliwa kwa wiki moja hivi. Ukikataa mara ya pili kwa kubana pesa, umeitupa pesa ya mara ya kwanza.

Kubwa zaidi, walitwambia fleti moja haitoshi. Hapo ndipo tulipomeza aibu, tukagonga milango ya juu, chini na pembeni. Kumbe wanne kati yao walikuwa wakijikuna kimyakimya kama sisi! Tukachanga kama tunavyocheza upatu, ngazi nzima ikapigwa siku moja.

Ukimwita mpigaji dawa, muulize kibali, jina la dawa, muda wa kukaa nje, na siku atakayorudi. Mwambie kama kuna mjamzito, mtoto mchanga au mwenye pumu. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, fumua mshono wa kochi lako kwanza.