Kumtafuta Mlowezi Katika Vitabu: Habari za Jamaa ya Trappe wa Momella

Halmashauri ya yubilei ilipotugawia kazi za kijitabu hiki, wengine walipewa habari za shule, wengine za hospitali, wengine za wachungaji wetu wa kwanza. Sisi tulipewa kazi ambayo wenzetu waliicheka kidogo, yaani kuandika habari za Wajerumani waliokuja nchi hii si kwa kuhubiri wala kwa kutawala, bali kwa kulima na kufuga. "Masetla wale wana nini na yubilei yetu?" wakatuuliza. Tulipoanza hatukuwa na jibu. Sasa tunalo, nasi tutalitoa mahali pake.

Watu wa Machame kila jioni waona jua likishuka upande wa mlima Meru. Huko, ubavuni mwa Meru unaoelekea Kilimanjaro, penye maziwa madogo ya Momella, jamaa moja ya Kijerumani ilianza kukaa katika mwaka 1907. Bwana aliitwa Ulrich Trappe, na mkewe Margarete. Bibi huyo alizaliwa mwaka 1884 katika nchi ya Silesia, iliyokuwa ya Ujerumani siku zile, na sasa karibu yote ni ya Poland. Tuliwachagua hao kati ya wengi kwa sababu habari zao zimeandikwa kuliko za jirani zao, hata sinema imetengenezwa Ujerumani juu ya Bibi huyo. Walowezi wengine walilima miaka kumi, wakaondoka, wala hapana lililobaki ila miti ya mikaratusi iliyopandwa kwa safu na msingi wa nyumba uliomezwa na nyasi.

Atakaye kuwatafuta watu wa namna hiyo hana budi kwanza ajifunze kuandika vibaya. Twasema hivi kwa sababu tulipoteza siku nyingi kwa kutafuta jina "Machame" katika hati za Kijerumani, tusilione, maana wao waliliandika "Madschame". Moshi wakaiandika "Moschi", Arusha "Aruscha", na mlima wetu "Kilimandscharo". Tena mwandiko wenyewe ni ule wa kale wa Kijerumani, wenye ncha kama miiba ya mchongoma, ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Mzee mmoja wa usharika, aliyefundishwa na baba yake, ndiye aliyetusomea kurasa za kwanza, huku akifuata mistari kwa kijiti.

Hati za kutafutia ni za aina tatu. Kuna za serikali, na sehemu kubwa ya zile za wakati wa Wajerumani zimo katika nyumba ya kumbukumbu za taifa Dar es Salaam. Humo shamba ni ramani, ni hekta, ni mipaka ya mto na jiwe. Kuna za misioni ya Leipzig, ambazo nyingi zimehifadhiwa huko Halle, Ujerumani, pamoja na vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vilivyobaki katika sharika zetu wenyewe. Tena kuna tanzia, yaani habari za marehemu zichapwazo magazetini na jamaa au rafiki zao. Tanzia ni kitu kizuri kwa mtafutaji, kwa kuwa hutaja mahali pa kuzaliwa, mwaka wa kuja Afrika, jina la shamba na majina ya watoto. Lakini tanzia huandikwa na wampendao marehemu, nao hawana haja ya kusema yote.

Tuliposoma tanzia na kumbukumbu za walowezi wa upande wa Meru, neno moja lilirudi mara kwa mara kama kiitikio cha wimbo: nchi ilikuwa tupu. Bwana fulani na mkewe walifika, wakakuta nyika tupu, wakapiga hema, wakafyeka, wakajenga. Hatusemi kwamba neno hilo ni la uongo. Mahali pengi palikuwa patupu kweli. Lakini je, palikuwa patupu tangu lini? Hapo tanzia hunyamaza, nasi tukarudi kwenye vitabu vya misioni.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame katika mwaka 1893, wakati wa Mangi Shangali. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Oktoba 1896, wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walivuka kwenda Meru ili kuanzisha kazi kule. Wakapiga kambi Akeri. Siku zile zile Kapteni Johannes, mkubwa wa boma la Moshi, alikuwa pande zile na askari wake. Watu wa Meru na wa Arusha wakaona Wazungu wote ni wamoja, wakawashambulia wamisionari usiku, wakawaua pamoja na watumishi wao Wachaga. Habari hiyo sote twaijua. Watoto wetu hufundishwa, na kaburi la Akeri hutembelewa.

Yaliyofuata husimuliwa kwa sauti ya chini. Kapteni Johannes alirudi Meru kulipiza kisasi, wala hakwenda na askari wake peke yao. Alifuatwa na Wachaga wa mlima huu kwa maelfu, wenye mikuki na ngao. Ng'ombe na mbuzi wakatekwa, migomba ikakatwa, nyumba zikachomwa, wanawake na watoto wakachukuliwa mateka. Nchi ile ilikuwa imekwisha kudhoofika kwa sotoka iliyoua ng'ombe tangu mwaka 1891 hivi, na kwa ndui iliyoua watu. Basi baada ya vita, mahali palipokuwa na moshi wa jikoni pakabaki nyasi. Ng'ombe wale walikuja huku mlimani. Babu zetu walikunywa maziwa yao.

Sasa msomaji aiweke habari hiyo kando ya sheria ya Kaisari wa Ujerumani ya mwezi wa Novemba 1895, iliyosema kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni hii ni mali ya Dola. Ardhi ilihesabiwa haina mwenyewe kama haina mtu anayeilima. Malisho ya Wamasai yaliyoachwa kwa sababu ng'ombe wamekufa, na viunga vya Wameru vilivyoachwa kwa sababu watu wameuawa au wamekimbia, vikawa mikononi mwa serikali, nayo ikaviuza na kuvikodisha. Katika mwaka 1904 na 1905 walikuja Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, waliotaabishwa na vita vyao na Waingereza. Kisha wakaja Wajerumani waliokuwa wakikaa Urusi, wakapewa mahali Leganga, penye kijiji kilichoitwa Leudorf kwa jina la Kapteni Leue. Hao wote walijipanga chini ya Meru kama mkanda, hata Mmeru akitaka kushuka na ng'ombe wake kwenda malishoni hakupata njia ila kwa kupita shambani mwa mtu. Ndipo mwaka 1907 wakaja Trappe, wakakaa Momella.

Hili ndilo jibu kwa wenzetu waliotucheka. Habari za walowezi zahusu yubilei yetu kwa kuwa mlango walioingilia walifunguliwa na vita vilivyopiganwa kwa ajili ya wamisionari wetu, tena mikono ya Wachaga ilisukuma mlango huo. Hatumtii hatia Bibi Trappe. Mwaka 1896 alikuwa mtoto wa miaka 12 huko Silesia, labda hakupata hata kulisikia jina la Meru. Alifika akaona nyika tupu, akaamini macho yake.

Maisha yake yeye ni ya ajabu, wala si haki kuyapita upesi. Alikuwa mpanda farasi hodari na mwindaji, mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa Afrika Mashariki kuifanya kazi hiyo ya kuwaongoza wageni porini. Wamasai walimwita Yeyo, yaani mama. Vita vikuu vilipoanza mwaka 1914, mumewe alikwenda kwenye jeshi, naye akashika shamba. Mwezi wa Machi 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Stewart lilitoka Longido likapita katikati ya Meru na Kilimanjaro, na mwezi ule ule Moshi ikatwaliwa. Vita vikapita karibu kabisa na milango ya Momella. Baada yake walowezi wa Kijerumani walinyang'anywa mashamba, wakarudishwa kwao.

Hapa mtafutaji lazima abadili vitabu. Kabla ya 1916 jamaa hutafutwa kwa jina. Baada ya hapo hutafutwa chini ya mali ya adui, maana Waingereza walimweka mtunzaji wa mali hiyo, na Gazeti la Serikali likachapa mashamba yaliyouzwa. Marufuku juu ya Wajerumani ilipoondolewa mwaka 1925, wengi walirudi, na Trappe wakarejea Momella kuanza upya. Mwaka 1939 mambo yakajirudia: vita, Wajerumani kufungwa, mali kushikwa. Wamisionari wetu wa Leipzig nao walichukuliwa, na kazi ikaangaliwa na wachungaji wenyeji pamoja na Waamerika wa Augustana na wengine. Jamaa nyingi za walowezi hukoma vitabuni katika mwaka huo kama mto uingiao mchangani. Lakini mwisho wa yote Bibi Trappe twamkuta tena Momella, mzee sasa, ziwa likiwa mbele yake na kilele cha Kibo kikionekana kukiwa kweupe.

Tena kuna mwaka mmoja ambao katika habari zake hupitwa upesi, nao ni 1951. Miaka minne nyuma, jaji aitwaye Wilson alikuwa ameishauri serikali kwamba nchi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro, yaani upande wa Sanya, iwe ya Wazungu watupu. Basi mwezi wa Novemba 1951 askari wakaja Ngare Nanyuki, jirani ya Momella, wakawatoa Wameru wapatao 3,000 ili kuweka mashamba 13 ya Wazungu. Nyumba zikachomwa. Katika hati za serikali mahali hapo hapakuitwa kwa jina, paliitwa shamba namba 31 na namba 32. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, kijana aliyesoma shule za misioni, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, kwenda kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York mwaka 1952. Hawakurudishiwa nchi siku ile, lakini dunia ilisikia jina la Meru, na Watanganyika wengi wakajifunza kwamba mtu mweusi aweza kusimama mahali pale akasema.

Margarete Trappe alikufa Momella mwaka 1957. Husimuliwa kwamba usiku wa kufa kwake tembo wengi walikusanyika kuizunguka nyumba yake, wakasimama kimya. Twaiandika kama tulivyoisikia. Wasimulizi huipenda mno habari ya tembo, nasi tumeona kwamba katika vitabu tulivyosoma, tembo wana nafasi kubwa kuliko watu waliofanya kazi katika mashamba yale.

Hao ndio waliotutaabisha kuliko wote. Katika hati za shamba lolote la siku zile utamwona bwana, utamwona bibi, utamwona farasi kwa jina lake na mbwa kwa jina lake. Wafanyakazi ni hesabu tu: wanaume kadhaa, mshahara kadhaa. Wazee wa Masama walitueleza habari za kipande walichosimuliwa na baba zao, ile karata yenye nafasi thelathini, kila siku ya kazi ikitiwa alama, na mtu hapewi mshahara mpaka zote zimejaa. Aliyeugua katikati alirudi kumaliza. Kipande kilikuwa na jina la mtu, lakini karata ilipojaa ilikuwa haina thamani tena, ikatupwa au ikawashia moto.

Mahali pekee tulipoona majina ya watu wa namna hiyo ni katika vitabu vya sharika zetu. Mmisionari aliandika jina la ukoo, jina jipya la ubatizo, baba, mama na mashahidi, kwa mwandiko ule ule wa miiba. Hakuandika kwa ajili yetu watafutaji. Aliandika kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Lakini mtu ambaye kwa bwana shamba alikuwa alama thelathini, humo ana babu.

Sehemu kubwa ya nchi ya Momella sasa ni mbuga ya taifa. Mwaka 1960 lilitengwa bonde la Ngurdoto, yakaongezwa maziwa, na tangu 1967 yote pamoja na mlima huitwa Hifadhi ya Arusha. Aendaye huko ataona nyati wakilisha na ndege wekundu majini, na mgeni asiyejua atasema kwamba nchi hii ilikuwa tupu tangu mwanzo.

Kazi yetu haikuisha kwa kijitabu hiki. Twawaomba wasomaji wa Machame, Masama na Siha: aliye na kipande cha babu yake, au cheti cha shamba, au barua ya zamani hata kama imeliwa na mchwa, asiitupe. Ailete ofisi ya usharika. Tutainakili mbele yake, naye atarudi nayo nyumbani siku ile ile.