First Love: Kijana wa Miaka 16 Aliyeitikisa Japani

Tarehe 10 Machi 1999 maduka ya muziki ya Japani yalipokea albamu ya kijana wa miaka 16 aitwaye Utada Hikaru. Wiki ya kwanza tu, nakala zaidi ya milioni mbili zilinunuliwa. Kwa hesabu za Oricon, kampuni inayotunza chati za mauzo nchini humo, First Love imeshauza zaidi ya nakala milioni 7.6. Hakuna albamu nyingine iliyowahi kufika hapo Japani.

Habari hii husimuliwa kana kwamba mtoto huyo alidondoka kutoka mbinguni. Wapi! Alizaliwa New York mwaka 1983 na kukulia studio. Baba yake, Utada Teruzane, ni mtayarishaji wa muziki. Mama yake alikuwa Fuji Keiko, gwiji wa enka, zile nyimbo za Kijapani za mapenzi yaliyovunjika, pombe na baa za usiku. Mwaka 1970 albamu ya kwanza ya Fuji ilikaa kileleni kwa wiki 20 mfululizo. Ilipong'oka, iliyoketi mahali pake ilikuwa albamu yake ya pili, nayo ikakaa wiki 17. Wiki 37 nzima wasanii wengine walikuwa wanagombea nafasi ya pili. Mtoto, pamoja na mamilioni yake yote, hakuikaribia rekodi hiyo ya mama.

Wala hakufanikiwa mara ya kwanza. Januari 1998, kwa jina la Cubic U, alitoa albamu ya Kiingereza, Precious, ambayo ilipita bila kishindo. Kisha akageukia Kijapani, na Desemba mwaka huohuo ikatoka Automatic.

Usikilize wimbo huo mwanzoni tu, utasikia kilichowashtua watu. Mdundo ni wa R&B ya Wamarekani weusi, na Kijapani kinalazimishwa kuufuata: neno linakatwa katikati, kipande kimoja kinabaki kwenye pumzi hii na kingine kinaangukia kwenye inayofuata. Waimbaji wa enka wasingethubutu. Kwenye video yake, Utada anacheza ameinama mbele ya kochi, utadhani dari litamgonga kichwa.

Single hiyo ilitolewa kwa CD za saizi mbili, ile ndogo ya sentimita 8 waliyoizoea Wajapani na ile ya kawaida ya sentimita 12, na Oricon ikazihesabu mbalimbali. Ndiyo maana haikushika namba moja, ingawa ukizijumlisha zilivuka milioni mbili. Kwa hiyo albamu ilipotoka Machi, kiu ilikuwa imeshaandaliwa.

Wakati nao ulikuwa upande wake. Soko la CD la Japani lilikuwa limefika kilele mwaka 1998. Albamu moja iliuzwa kwa takriban yeni 3,000, na kwa kuwa sheria inaziruhusu kampuni za muziki kupanga bei ya rejareja, CD mpya haikuwa kitu cha kupunguziwa dukani. Watu walilipa hivyohivyo.

Tarehe 28 Machi 2001 Utada alitoa albamu ya Distance, siku ileile ambayo mpinzani wake, Hamasaki Ayumi, alitoa A Best. Distance iliuza nakala milioni tatu na ushei kwa wiki moja, A Best ikafuata kwa takriban milioni 2.87. Wiki kama hiyo haikuonekana tena popote mpaka mwaka 2015, mwimbaji Adele alipouza nakala milioni 3.38 za albamu yake, 25, huko Marekani.

Miaka iliyofuata baada ya 2001, CD za Japani ziliendelea kuuzwa kwa mamilioni, lakini kwa ujanja mwingine. Mashabiki wa kundi la AKB48 walinunua nakala nyingi za single moja ili wapate tiketi za kushikana mikono na waimbaji, au kura za kumchagua wampendaye. Kwangu mimi, hesabu hizo haziwekwi kwenye mzani mmoja na za First Love. Ukiinunua 1999, ulichokuta ndani ni nyimbo.