Mali Bila Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliwafundisha walimu wanafunzi kwa miaka mingi, nikitoa mfano wa duka. Sikujua kwamba ingenirudia mwenyewe.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu tulinunua kamera ya kidijitali. Picha za mahafali na za mazoezi ya kufundisha zilihifadhiwa katika kompyuta ya ofisi, kila moja ikiitwa kwa namba iliyopewa na kamera. Baada ya kustaafu kwangu, mjane wa mkufunzi wetu mmoja aliomba picha ya mumewe akiwa darasani. Tulifungua picha kutwa nzima, mimi na karani mgeni asiyemjua marehemu. Hatukuipata. Yule mama alinishukuru, akaondoka mikono mitupu. Kabatini, albamu ya kale ilikuwa na majina yote, yameandikwa kwa wino.

Jambo kama hili limewapata wakubwa pia. Mwaka 1986 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliadhimisha miaka 900 ya Domesday, kitabu cha orodha ya ardhi na mali kilichoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William. Watoto kutoka shule zaidi ya 9,000 waliandika habari za sehemu zao na kupiga picha. Kazi yote ilitiwa katika sahani mbili za kusomwa kwa mwanga wa leza, kwa mashine maalumu ya bei kubwa. Mashine hizo zikaadimika. Kufikia mwaka 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walilazimika kuunda programu ya kuiga kompyuta ile ya zamani, ili habari zisomeke tena. Wakati huo kitabu cha ngozi cha 1086 kilikuwa kingali kinasomeka.

Siri yake ni nini? Kitabu kile kilikuwa na watunzaji kwa karne tisa, na mashine yake ni macho ya mtu.

Basi ndugu msomaji, kama ofisi yako ina picha au sauti zilizorekodiwa, mpe mtu mmoja kazi hiyo kwa jina lake. Aandike ni nani, wapi, lini. Aweke nakala mahali pengine, tena azihamishe kila mashine inapobadilika. Mimi nilinunua kamera ya bei ghali, nikasahau daftari la shilingi chache.