Utafiti Shirikishi

Kwa istilahi hii wataalamu wa afya hukusudia uchunguzi ambao wenye kuchunguzwa wana sehemu yao katika kuliunda swali, kukusanya majibu na kuamua yatumiweje. Wako wanaopendelea kuuita "utafiti wa kijamii", lakini jina hilo limekwisha kutwaliwa na elimu ya jamii kwa jumla, na laweza kumhusu hata aliyefika kijijini asubuhi na fomu zake akaondoka jioni. Fikra yenyewe si ngeni kwetu: katika mradi wa Jipemoyo, ulioanzishwa wilayani Bagamoyo mwaka 1975 chini ya Marja-Liisa Swantz, wanavijiji walihesabiwa kuwa watafiti wenzi.

Haja ya ushirika huo hudhihirika zaidi katika maradhi ya akili, ambayo aghalabu hayapimwi kwa damu wala kwa darubini, bali hujulikana kwa kauli ya mgonjwa. Mgeni akifika Sori, kwenye ghuba ya Karungu katika Ziwa Viktoria upande wa Kenya, akamwuliza mama anayeanika omena, yaani dagaa wa ziwani, juu ya nyavu iwapo ana sonona, yamkini atajibiwa la, na jibu hilo litaandikwa kuwa ni afya njema. Ilhali mama huyohuyo, akiulizwa kwa Kijaluo habari za *parruok*, yaani kusongwa na mawazo, huenda akawa na mengi ya kueleza. *Neko*, ambao ni wazimu, ni jambo jingine kabisa, na mwenye mawazo hatajipeleka kwa hiari yake penye sifa ya kutibu wenye *neko*.

Ng'ambo ya ziwa, katika Rakai na Masaka nchini Uganda, Paul Bolton na wenzake walianza kwa kuwauliza wenyeji dhiki zao, nao wakataja maradhi mawili, *yo'kwekyawa* na *okwekubazida*, kujichukia na kujihurumia, ambayo dalili zake zilikaribiana na za sonona. Katika jaribio la mwaka 2002, lililohusu vijiji 30, wenyeji wasio matabibu waliongoza vikundi vya mazungumzo juma kwa juma kwa majuma 16, na waliokuwa na sonona wakapungua kutoka asilimia 86 hadi 6.5; katika vijiji visivyopewa vikundi walipungua pia, lakini kutoka asilimia 94 hadi 54.7 tu.

Hata hivyo, ushirika huo haukutimia, maadamu tiba yenyewe ilibuniwa Marekani, ijapokuwa ilirekebishwa ilingane na desturi za Uganda. Kwa Sori sharti ni zaidi ya hayo: mhudumu wa afya ya jamii, anayeingia nyumbani mwa watu bila kubisha sana, awemo katika kutunga maswali, mikutano ifuate mwezi, kwa kuwa wavuvi wa omena hukesha ziwani na taa zao siku za giza na mchana wamelala, na matokeo yasomwe barazani kwa Kijaluo kabla ya kupelekwa kwingine. Utafiti usiotimiza hayo waweza kuwa na manufaa yake, lakini uitwe utafiti tu.