Bendi ya Kujitegemea: Kamaru, Dadake Muthoni na Duka la River Road

Wasomaji wangu, leo tuweke kando mambo ya msimbo na hifadhidata. Nataka tuongee muziki, na hasa swali ambalo vijana wa huku kwetu Nyeri na Karatina hawachoki kuliuliza: bendi huanzaje, ikiwa hamna meneja, hamna studio, na hakuna mjomba mwenye pesa?

Ukiwauliza wapenzi wa roki watakupeleka Manchester. Watakwambia kwamba vijana wa Buzzcocks walikopa pauni 500, wakarekodi nyimbo nne, na mnamo Januari 1977 wakazitoa wenyewe kwa lebo yao, na tangu hapo kila bendi changa ikajua kwamba haihitaji ruhusa ya kampuni kubwa. Ni hadithi nzuri na ni ya kweli. Lakini mimi husikia kicheko kidogo moyoni, maana mwaka huo wa 1977 ungeshuka matatu jijini Nairobi ukatembea River Road, ungekuta watu wa Mlima Kenya wakifanya jambo hilohilo bila kuliita harakati. Ilikuwa biashara tu. Mtu anatunga, anarekodi, santuri inachapishwa, anaiweka dukani kwake, anauza.

Mmoja wao ni Joseph Kamaru.

Kamaru alizaliwa mwaka 1939 Kangema, Murang'a, upande wa kusini wa Nyeri. Ili kuelewa alichokisikia utotoni inabidi turudi nyuma kidogo. Mnamo 1930 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku muthirigu, ngoma ya nyimbo za kejeli iliyowachambua wamisheni na machifu. Vijana wa Fort Hall (ndiyo Murang'a ya leo) na Nyeri hawakuacha kucheza. Miaka iliyofuata wakashika akodioni, wakachanganya mwendo wa dansi za Wazungu na midundo ya kwao, wakaongeza karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma, na mwomboko ukazaliwa. Angalia hesabu yake: akodioni moja, chuma kimoja, watu wawili. Hiyo ni bendi kamili. Hakuna gari la vyombo, hakuna umeme. Nadhani mtindo wa bendi ndogo huku kwetu haukuanza kwa umaskini wa vyombo pekee, ulikuwa tayari ndani ya ngoma yenyewe.

Kamaru aliingia Nairobi mwaka 1957. Mwaka huo usiupite haraka. Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952 ilikuwa haijaondolewa, na ni miaka mitatu tu tangu Operesheni Anvil ya Aprili 1954, ambapo Wagikuyu kwa maelfu walizolewa mjini na kupelekwa vizuizini. Kijana wa miaka 18 kutoka Murang'a alikuwa mtu wa kutiliwa shaka kila kona. Alifanya vibarua na kazi za nyumbani, akajinunulia gita, akajifunza mwenyewe. Mbali na gita alipiga pia karing'aring'a, akodioni, na wandindi, zeze la Kigikuyu lenye uzi mmoja. Kwa maneno mengine alikuja mjini na vyombo vya nyumbani, akaviongezea kimoja kipya.

Na mwenzake wa kwanza alikuwa nani? Dada yake, Catherine Muthoni.

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu vitabu vya muziki hupenda kusimulia bendi kama kundi la vijana wa kiume waliokutana shuleni au baa. Rekodi za mwanzo za Kamaru, katikati ya miaka ya 1960, ni kaka na dada. Sababu moja ni ya kisanii. Wimbo wa Kigikuyu hupenda majibizano, mmoja anauliza, mwingine anajibu, anakejeli, anashauri. Wimbo wa mapenzi wenye sauti moja ya kiume ni malalamiko tu, lakini ukiweka sauti ya mwanamke anayejibu, unakuwa kesi yenye pande mbili. Sababu ya pili ni ya kawaida kabisa, na kila aliyewahi kuanzisha mradi bila mtaji anaijua: ndugu yako hakuombi mshahara wa wiki ya kwanza. Mazoezi mnafanyia nyumbani. Mkigombana leo, kesho mnakula chungu kimoja.

Halafu kulikuwa na jambo la pesa. Desturi ya miaka ile, kwa wanamuziki wengi wa Kenya, ilikuwa hivi: unakwenda kwa mwenye studio au mwenye duka, unarekodi, unalipwa kiasi kidogo mara moja, unarudi nyumbani. Tepu inabaki kwake. Santuri ikiuzwa mia au ikiuzwa laki, wewe ulishalipwa. Mtunzi wa programu anayesoma hapa ataelewa bila kuchorewa picha: umeandika msimbo wote, lakini nakala asili iko kwenye mashine ya mtu mwingine, na nywila anayo yeye.

Kamaru alikataa kukaa hapo. Miaka ya 1970 tayari alikuwa na lebo yake, City Sounds, pamoja na biashara ya santuri pale River Road. Bendi yake ilibadilika sura na majina kadiri miaka ilivyokwenda, na ile ya baadaye ikajulikana kama Kamaru Super Stars, lakini kiini hakikubadilika: mtunzi ndiye mwenye lebo, na mwenye lebo ndiye mwenye kaunta. Mteja akisema wimbo huu umepoa, mtunzi anasikia moja kwa moja, hahitaji ripoti ya kampuni.

Hakuwa peke yake. Kule Gatanga, Murang'a hiyohiyo, Daniel Kamau, mzaliwa wa 1949 tunayemjua kama D.K., alitoa santuri zake za kwanza mwaka 1967 akiwa bado mwanafunzi. Fikiria hilo: sare ya shule asubuhi, sauti yako kwenye gramafoni jioni. Baadaye akaunda Lulus Band, na ni yeye kwa kiasi kikubwa aliyeufunga wimbo wa Kigikuyu kwenye gari la benga, mtindo uliotoka kwa Waluo wa Nyanza, wenye gita linalokimbia na besi inayorukaruka. (Miaka ya baadaye aliingia siasa, na hata leo watu humwita Councillor D.K.) Lulus walikuwa bendi kamili ya gita za umeme na ngoma. Ukisikiliza kwa makini utagundua kitu kingine pia: harufu ya muziki wa kantri wa Marekani. Jim Reeves alipendwa sana Kenya, na nyanda zetu za juu zenye baridi na ng'ombe zilimpokea kama mtoto wa nyumbani. Kwa hiyo bendi ya Gatanga ilikuwa na Nyanza mkono mmoja, Texas mkono wa pili, na mwomboko miguuni.

Umbo la nyimbo hizi pia lilitokana na chombo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba takriban dakika tatu kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B. Hadithi na mawaidha yanakaa mbele, gita linaachiliwa mbio nyuma. Wanaodhani vikwazo vya teknolojia huua ubunifu wasikilize upande B wa santuri yoyote ya benga ya miaka ile.

Sasa tuje kwenye jaribio lenyewe la kujitegemea, kwa sababu duka si kitu mpaka mtu mwenye nguvu akukasirikie. Kamaru alikuwa ameshaonja mapema: wimbo wake Ndari ya Mwarimu, kuhusu mwalimu na mwanafunzi wa kike, uliwaudhi walimu hadi chama chao kikatishia mgomo. Lakini jambo zito lilikuja Machi 1975. J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini na mkosoaji wa matajiri wapya wa serikali, aliuawa, na mwili wake ukapatikana vilima vya Ngong. Nchi nzima ilinong'ona. Kamaru, ambaye hadi wakati huo alikuwa na uhusiano mzuri na Mzee Kenyatta, alitoa wimbo wa kumlilia J.M. na kulaani mauaji. Urafiki na wakubwa ukaishia hapo.

Tafakari njia ambazo wimbo kama ule ungepita. Redio ilikuwa moja tu, Sauti ya Kenya, ya serikali. Kampuni kubwa ina leseni ya kulinda na wakurugenzi wa kuogopa. Lakini mtu mwenye lebo na kaunta yake ana njia ya tatu: msafiri anainunua River Road, anaipandisha basi la Nyeri au Nanyuki, na jumamosi inalia kwenye baa ya sokoni. Polepole, ndiyo. Ila hakuna swichi moja ya kuizima.

Nisimpake Kamaru rangi ya mtakatifu. Mwaka 1980 alisafiri na Rais Moi hadi Japani na akatunga wimbo kuhusu safari hiyo, na mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa tena upande wa pili, akiimba ya vyama vingi na kunyimwa hewani. Mwenye duka huwa na kodi ya kulipa, na wakati mwingine sifa kwa mkubwa ni sehemu ya kodi hiyo. Mwaka 1993 akatangaza kuokoka, akaivunja Super Stars, akaingia nyimbo za injili. Mashabiki wa baa walinuna. Lakini hata uamuzi huo hakuomba idhini ya mtu.

Zama za kaseti zilileta wezi wa nakala, na biashara ya santuri ikafa. Bendi za watu sita zikawa ghali kwa mwenye baa. Ndipo mugithi wa gita moja ukatawala kuanzia miaka ya 1990: mtu mmoja na gita, pengine kinanda chenye ngoma zilizopangwa tayari ndani ya mashine, anaimba nyimbo za kina Kamaru na D.K. usiku kucha huku wateja wakishikana viuno kwa foleni ndefu. Mugithi kwa Kigikuyu ni gari la moshi. Mike Rua ni miongoni mwa waliouvumisha. Wengine husema huo ulikuwa mwisho wa bendi. Mimi naona ni hesabu ileile ya mwomboko, ila safari hii karing'aring'a imekuwa programu ndani ya kinanda. Kilichopotea ni kingine, yale majibizano. Mtu mmoja hawezi kujijibu kama Muthoni alivyomjibu kaka yake.

Kamaru alifariki tarehe 3 Oktoba 2018. Ana mjukuu mwenye jina lake kamili, Joseph Kamaru, ambaye dunia inamjua kama KMRU, msanii wa sauti aliyetoka Nairobi akaenda kusoma Berlin, na albamu yake Peel ya mwaka 2020 ilisifiwa sana Ulaya. Muziki wake hauna benga hata chembe, ni mawimbi ya polepole na sauti alizorekodi mitaani. Lakini kazi nyingine aliyojipa ni kuzitoa upya nyimbo za babu yake kwenye Bandcamp, ambako msikilizaji analipa na pesa inafika kwa wenye muziki, baada ya tovuti kukata fungu lake.

Kazi hiyo ni ya kutumia mikono. Wimbo wa dakika tatu ukiuingiza kwenye tarakilishi kwa ubora wa CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili, unakula megabaiti 32 hivi. Kwa modemu ya kilobiti 56 tuliyokuwa tukiitumia zamani, kuupakua kungechukua saa moja na robo. Leo ni sekunde chache. Kigumu si faili. Kigumu ni kuipata santuri yenyewe ikiwa haijapinda, kuisafisha, kuchagua sindano, na kuandika nani alipiga nini kabla wanaokumbuka hawajaondoka.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wa Othaya, Mukurwe-ini, Kangema, Kerugoya: kama kuna boksi la santuri kwa guka au kwa cucu, zisimamisheni wima, mbali na jua na moshi wa jikoni, na msiziuze kwa wale wanaopita wakinunua kwa kilo. Kaeni na wazee mkiwa na kalamu, muandike majina ya wapiga besi.