Kiolesura, na njia ya kukifikia kwa uzamili

Kiolesura ni pale mtu na mashine wanapokutana. Kitufe unachobonyeza, menyu inayofunguka, mlio wa kukuonya, maneno yanayokuambia kwamba nywila si sahihi: vyote hivyo kwa pamoja ni kiolesura, na anayevipanga ni msanifu kiolesura. Istilahi hii imeshazoeleka katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Maofisini, madizaina wenyewe husema UI, basi, na mteja akija huulizia “muonekano wa app”.

Huo muonekano, pamoja na “sura” inayosikika ndani ya istilahi yenyewe, umewafanya wengi waamini kuwa kazi hii ni ya kupaka rangi. Dawa ya imani hiyo ni simu ya kitochi. Mwenye laini ya Vodacom Tanzania hubonyeza *150*00#, na M-Pesa humletea orodha yenye namba. Hakuna picha wala rangi. Atachagua kutuma pesa, ataandika namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri, kisha atathibitisha. Akikawia akitafuta namba ya shangazi kwenye daftari, menyu inajifunga na inambidi aanze upya. Kila hatua hapo kuna mtu aliyekaa akaiamua: nini kitangulie, maneno gani yatoshe katika nafasi ile finyu, jina la mpokeaji lionekane kabla pesa haijaondoka au baada ya kuondoka. Hicho nacho ni kiolesura kamili, tena kinachotumiwa na watu ambao hawajawahi kushika simu janja.

Maamuzi ya namna hiyo yana elimu yake, na sehemu ya elimu hiyo ilizaliwa mikononi mwa wanafunzi wa uzamivu. Stuart Card alikuwa bado anasomea uzamivu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipoanza kazi mwaka 1974 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California. Swali lililokuwa mezani lilikuwa la kawaida kabisa: mtu anayehariri maandishi kwenye skrini apewe kifaa gani cha kuonyeshea neno analolitaka? Kipanya cha Douglas Engelbart kilikuwepo, lakini kulikuwa na vifaa vingine vinavyoshindana nacho. Card na wenzake waliwakalisha watu, wakapima muda na makosa. Walitumia kanuni ya mwanasaikolojia Paul Fitts ya mwaka 1954, kwamba muda wa kuifikia shabaha huongezeka kadiri shabaha inavyokuwa mbali au ndogo. Kipanya kilishinda. Zaidi ya hapo, kasi yake ilikaribia kikomo cha mkono na jicho la mwanadamu, kwa hiyo haikutarajiwa kwamba kifaa kingine kingekiacha mbali. Ripoti ilitoka mwaka 1978, mwaka ambao Card alipata shahada yake. Ukiona kitufe cha “Lipa” kimefanywa kipana na kuwekwa karibu na kidole gumba, hesabu ya Fitts inafanya kazi hapo.

Aikoni nayo ina asili hiyo hiyo. David Canfield Smith aliipa jina na maana yake ya kikompyuta katika tasnifu ya uzamivu aliyoiwasilisha Stanford mwaka 1975, kisha akaenda kushiriki kuitengeneza kompyuta ya Xerox Star, iliyotoka mwaka 1981.

Anayenivutia kuliko wote ni Susan Kare, kwa sababu hakusomea kompyuta wala saikolojia. Uzamivu wake, wa New York University mwaka 1978, ulikuwa wa sanaa, na tasnifu yake ilichunguza matumizi ya katuni katika sanamu za Honoré Daumier na Claes Oldenburg. Apple ilipomhitaji mtu wa kuchora aikoni za Macintosh, alianza na daftari la miraba, akijaza mraba mmoja kwa kila nukta ya skrini, 32 kwa 32, nyeusi au nyeupe. Mtu aliyetumia miaka akijiuliza ni mistari mingapi inatosha kumfanya mtazamaji amtambue mhusika, alikuwa ameshafanya nusu ya kazi hiyo kabla ya kuajiriwa.

Kwa hiyo kijana mwenye shahada ya kwanza ya saikolojia, isimu au sanaa asijione amepotea njia. Programu za uzamili katika uhusiano wa binadamu na kompyuta, ile ya Carnegie Mellon ikiwemo, hupokea watu wa fani mbalimbali, na hapo mwanafunzi hufanya mradi mrefu kwa mteja halisi. Kinachofundishwa zaidi ni kumtazama mtumiaji bila kumsaidia, jambo gumu kuliko linavyosikika. Mama anahangaika na menyu mbele yako, nawe umekaa kimya unaandika amekwama wapi, kwa sekunde ngapi, na alisema nini alipokwama. Baadaye unachora skrini kwenye karatasi, unamrudishia aijaribu, unachora tena. Afrika nayo ina uwanja wake wa utafiti huu: mkutano wa kwanza wa AfriCHI ulifanyika Nairobi mwaka 2016.

Shahada hiyo si sharti. Larry Tesler, mmoja wa waliotuletea kata, nakili na bandika, alikuwa na shahada ya kwanza tu, ya hisabati. Na mwajiri kwa kawaida ataomba kuona kazi ulizofanya kabla ya kuuliza cheti. Faida ya uzamili ni kwamba tasnifu yenyewe yaweza kuwa kazi hiyo, mradi mada ichaguliwe kwa akili. Anayechunguza kwa nini watumaji wa pesa huthibitisha bila kusoma jina la mpokeaji, akajaribu miundo kadhaa ya ile menyu na kupima makosa, anaingia kwenye usaili wa benki au kampuni ya simu akiwa na jibu la tatizo ambalo dawati lao la huduma kwa wateja hulipokea kila siku.